Moto Juu ya Mawe ya Chutzaq

"Koplo, unakanyaga sukari."

Koplo Racancoj alitazama viatu vyake, akarudi nyuma hatua moja. Odilia Tzunux, mpelelezi wa ofisi ya mashtaka, alikuwa amechuchumaa kando ya majivu, glavu mikononi, sketi yake ya kufuma ameikunja hadi magotini isiguse tope.

"Ukiniambia sukari naona sukari," koplo alisema. "Usiponiambia naona uchafu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa mabega. Ngazi za mawe za Chutzaq zilipanda kutoka pale walipokuwa, zikapotea juu kama vile mjenzi alichoka njiani. Chini ya ngazi palikuwa na jiwe la madhabahu, jeusi kwa masizi ya miaka mingi, na juu yake paa la mabati ambalo watu wa mambo ya kale waliliweka ili mvua isilile jiwe. Mabati hayo ndiyo yaliyomwokolea Odilia ushahidi.

Fermín Us, mlinzi wa magofu, alikuwa amekutwa hapo alfajiri, chali, kisogo kimepasuka kwenye ngazi ya chini. Gari lililombeba kwenda chumba cha maiti mjini ndilo lililokuwa la mwisho kupita kabla mlima haujaporomokea barabara. Kando ya mwili walikuta mabaki ya moto wa kimila na kitambaa cha mgongoni cha Nan Tecla Ixcoy, mtunza siku, bibi aliyehesabu siku kwa kalenda ya wazee na kuwachomea watu sadaka zao mahali hapo. Kabla ya watu kunywa uji, bibi huyo alishaburutwa kutoka jikoni kwake. Polisi walimwokoa kutoka mikononi mwa watu kwa bahati tu. Sasa alikuwa mahabusu, na uwanja mbele ya kituo ulikuwa umejaa waumini wenye madumu ya petroli.

"Piga picha hapa," Odilia alisema. "Na hapa."

Kwenye ukingo wa jiwe la madhabahu kulikuwa na makovu manne au matano, meupe, mapya.

"Mizizi?" koplo aliuliza.

"Mizizi haina ncha. Huu ni mtaimbo."

"Mtaimbo hatujaukuta."

"Najua hamjaukuta. Andika kwamba haupo."

Aliendelea na majivu. Mishumaa ilikuwa imepangwa kama inavyopaswa: myekundu upande wa mashariki, myeusi magharibi, myeupe kaskazini, ya manjano kusini. Imeungua nusu, ikazimika. Vidonge vya ubani vilikuwa vimeshika moto pembeni tu. Maua ya manjano. Mkate. Na chupa ndogo ya pombe ya miwa, imelala kwenye sukari.

Odilia aliinua chupa kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Imejaa. Pete ya kifuniko haijakatika.

Aliitazama muda mrefu kiasi kwamba koplo alianza kukohoa.

"Kuna nini?"

"Wewe ungepanga moto huu, chupa ungeifanyaje?"

"Mimi Mkatoliki," koplo alisema. "Ningeifungua. Kidogo kingeenda kwenye ardhi, kingine kingepita njia nyingine."

"Ungeifungua."

"Mtu yeyote angeifungua, Bi Odilia. Inaletwa ili imwagwe. Ardhi hainywi kifuniko."

Odilia aliigeuza chupa tena. Alijua. Bibi yake alikuwa akimleta hapa akiwa mdogo, na kitu cha kwanza kabla ya mshumaa kuwashwa kilikuwa ni matone machache juu ya udongo, na harufu yake kali iliyompanda puani. Bila hayo, bibi alikuwa akisema, unaongea na mtu ambaye hujamsalimu. Halafu Odilia alikua, akabatizwa mtoni pamoja na mumewe, na tangu siku hiyo akienda upande huu hupita barabara ya chini. Watoto wa shule ya Jumapili alikuwa akiwaambia kwamba Chutzaq ni nyumba iliyoachwa wazi, na nyumba iliyoachwa wazi huingiwa na kila kitu.

Sasa alikuwa ndani ya nyumba hiyo, na kilichokuwemo ni mawe. Mawe yenye ukoga, maji yakichuruzika, na kwenye ngazi ya tatu alama ya kidole gumba ambacho mtu fulani alikibonyeza kwenye chokaa mbichi akaondoka zake. Wazee wa wazee wake ndio waliobeba mawe haya mgongoni kwa kamba ya kipaji cha uso, bila shaka wakigombana na wake zao asubuhi kabla ya kuja. Waliamini mbingu inawadai damu. Kanisani Odilia alifundishwa kwamba damu hiyo ilishatolewa mara moja, kwa wote, wala haidaiwi tena. Aliliamini neno hilo na bado analiamini. Basi hii iliyoganda kwenye ngazi ya chini, aliyeitaka ni nani?

Alifungia chupa kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika juu yake.

"Nan Tecla aligombana na marehemu," koplo alisema wakiwa wanateremka kuelekea kituoni. "Sokoni, mwezi uliopita. Watu waliwasikia wakifokeana. Hilo nalo ulijue."

"Nimelijua."

"Na wale pale nje hawahitaji zaidi ya hilo. Nimewaambia bibi ana magoti mabovu, hawezi kumsukuma hata kuku. Wakaniambia mchawi hatumii magoti."

Waliingia kituoni kwa mlango wa nyuma. Pikapu ya ofisi ya mashtaka ilikuwa ng'ambo ya uwanja, karibu na kanisa, pale Odilia alipoiegesha asubuhi kabla umati haujakua. Sasa kati yake na pikapu kulikuwa na mji mzima.

Nan Tecla alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, kikombe cha kahawa mikononi, hajainywa. Shavu moja lilikuwa limevimba. Nywele zake za mvi zilikuwa zimefumuka, na hilo ndilo lililoonekana kumwaibisha zaidi; kila mara alikuwa akijaribu kuzifunga bila utepe.

"Nan, kitambaa chako kilifikaje kule?"

"Kiko kule siku zote, mwanangu. Na mishumaa yangu, na ubani wangu. Fermín alikuwa akinihifadhia kwenye kibanda chake, kwenye boksi la sabuni. Miguu hii haibebi mzigo tena."

"Mligombana sokoni."

"Tuligombana, ndiyo. Alinikataza kupanda mvua ikinyesha. Mimi! Nikamwambia wewe nilikuvuta kwa kichwa kutoka kwa mama yako, leo unanipangia njia?" Aliweka kikombe kwenye benchi. "Alikuwa mkaidi hata siku ile. Alitoka miguu ikipiga."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Kwa hiyo andika kwamba hakuna shahidi." Bibi alimtazama kwa jicho lake zima. "Wewe ni mjukuu wa Nan Paulina."

"Ndiyo."

"Na sasa unasali kule kwa wanaopiga gitaa."

"Ndiyo, Nan."

"Haya. Fanya kazi yako."

Simu ya Odilia ililia. Mwendesha mashtaka, kutoka mjini, sauti ikikatikakatika: barabara haipitiki, askari wa kuongeza nguvu watafika kesho, amshikilie mtuhumiwa mpaka hapo. Odilia alisema sawa, akakata.

"Kesho," alimwambia koplo.

"Sisi ni polisi wanne na mlango wa mbao. Hatuna kesho. Wakiingia watachoma nyumba yote na sisi ndani." Nje mtu alikuwa akiomba kwa kipaza sauti, na umati ukijibu amina. "Wameanza kuimba. Wakishaimba hufanya."

"Mwili uligunduliwa na nani?"

"Eliseo Batz. Ndugu yenu kanisani, mzee wa kanisa. Ndiye aliyewaambia watu. Yuko pale mbele, kila mtu anamshika mkono kama bwana harusi."

"Niletee. Mwambie nahitaji maelezo ya shahidi. Atakuja."

Alikuja. Mwanamume mfupi mwenye mabega ya mwashi, shati jeupe lililopigwa pasi, Biblia kwapani. Ndiye aliyejenga ukuta wa kanisa lao, na hakuchukua malipo. Miaka sita mfululizo kanisa lilikuwa limemwombea mkewe apate mtoto, na mara tatu walikuwa wamezika kabla ya kutoa jina.

"Bwana asifiwe, Dada Odilia."

"Asifiwe, Ndugu Eliseo. Kaa. Nieleze tangu mwanzo. Ulichoona, ulichosikia, ulichonusa, usiniruke kitu."

"Nilikuwa naenda shambani kuangalia mahindi. Nikaona moshi. Nikasema hawa wameanza tena. Nikasogea. Ndugu Fermín amelala chali, macho wazi. Moto unawaka, mishumaa yao ya rangi, na kile kitambaa. Nikakimbia."

"Ulinusa nini?"

"Ubani. Na pombe. Pombe ilinuka toka njiani. Unajua wanavyoimwaga."

"Sana?"

"Kama baa, dada. Samahani kwa mfano."

Odilia alitoa mfuko wa ushahidi, akauweka mezani. Chupa ililala kati yao.

"Chupa ilikuwa hii tu. Nimechambua majivu kwa mkono, nimekagua kibanda. Haijafunguliwa."

Eliseo aliitazama.

"Labda walimwaga nyingine wakaondoka nayo."

"Labda. Ulipokaribia uliona mtu akiondoka?"

"Hapana. Lakini labda."

"Basi nisaidie. Nataka unuse, uniambie kama harufu ni ileile. Hii siwezi kuigusa, ni ya mahakama. Koplo, leta ile ya kwenye droo yako."

"Droo gani?" koplo aliuliza.

"Koplo."

Racancoj alikwenda, akarudi na chupa ya aina ileile, mpya, masikio yamemwiva. Odilia aliisukuma mpaka mbele ya shahidi.

"Ifungue, ndugu."

"Fungua wewe."

"Nina glavu, kifuniko kinateleza."

"Basi koplo."

"Nimekuomba wewe."

Eliseo aliweka mkono juu ya meza, karibu na chupa. Vidole vilifika kwenye kifuniko, vikakishika, vikakaa hapo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nje umati ulikuwa umepandisha sauti. Aliuondoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Siwezi. Niliapa siku ya ubatizo kwamba sitafungua chupa tena, hata ya mtu mwingine. Mchungaji alikuwepo. Wewe mwenyewe ulikuwepo, dada."

"Nilikuwepo. Nilipiga makofi."

Alivua glavu, moja, kisha ya pili.

"Aliyepanga ule moto ni mtu wa hapa," alisema. "Anajua rangi inayokaa mashariki na inayokaa magharibi. Anajua kuzungusha sukari. Alilelewa na bibi, kama mimi. Alipanga kila kitu alichofundishwa, akafika kwenye chupa akashindwa. Mkatoliki angeifungua. Mlevi angeifungua. Nan Tecla angeanza nayo. Mtu aliyeogopa kiapo chake ndiye aliyeiacha hivi, halafu asubuhi akatuambia ilinuka, kwa sababu alijua ilipaswa kunuka."

Eliseo aliibana Biblia kwapani.

"Mtaimbo uko wapi?"

"Kisimani," alisema, na midomo ikabaki wazi, kana kwamba neno lilitoka kwa mtu aliyekaa nyuma yake.

Koplo alisimama mlangoni. Odilia alimwashiria asisogee.

"Kisima cha nani?"

"Changu. Dada Odilia, sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya jiwe." Sasa alikuwa akiongea haraka, macho mezani. "Yule nabii aliyekuja kwenye mkutano wa Agosti alimwekea mke wangu mkono tumboni. Akasema moto unaowashwa Chutzaq ndio unaomfunga. Jiwe likivunjika, atafunguka. Mke wangu hajalala tangu siku hiyo. Ana mimba tena. Ungefanya nini? Nikachukua mtaimbo. Nikaanza kupiga. Fermín akatoka kibandani, akaja upande wa ngazi, akaushika mtaimbo. Nikavuta, akavuta. Ananiambia Eliseo, acha, hili jiwe lilikuwepo kabla ya babu yako. Anavuta. Basi nikaacha."

"Uliachaje?"

"Niliuachia. Tu. Akaenda kinyumenyume na mtaimbo wake."

"Akafa hapo hapo?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Odilia alisikia mvua kwenye bati.

"Alikuwa anapumua," Eliseo alisema. "Nikawaza, nikimbilie nani? Watauliza nilifuata nini pale. Nikaingia kibandani kutafuta maji, nikaona boksi la bibi. Nilipotoka na vile vitu alikuwa bado anapumua. Nikapanga mishumaa. Nilipomaliza alikuwa kimya."

Odilia alikuwa na watoto watatu. Alikuwa amekaa na huyu mtu kwenye benchi moja kila Jumapili, akamwona akimshika mkewe bega kila waliporudi kutoka makaburini.

"Na Nan Tecla?" aliuliza mwishowe. "Wakimmwagia petroli, ungesimama wapi?"

"Nilikuwa naomba mvua iendelee."

"Koplo, pingu."

Koplo Racancoj alimfunga, akamwingiza chumba cha mahabusu, akamtoa bibi hadi kwenye korido. Eliseo na Nan Tecla walipishana mlangoni. Bibi alimtazama pingu, kisha uso.

"Ni mtoto wa Romelia," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu ikatoka mbaya.

Kitu kizito kiligonga mlango wa mbele. Kikagonga tena.

Eliseo ndiye aliyeomba. Alisema awaambie mwenyewe. Wakisikia kutoka kwa polisi hawataamini. Odilia alipima. Dirisha la mahabusu lilikuwa na nondo na lilitazama uwanja. Akampa kipaza sauti cha kituo kupitia mlango, na Eliseo akasema kwa sauti kavu, bila machozi: yeye ndiye, bibi hakuwepo, Fermín alianguka kwa sababu yake, warudi nyumbani.

Uwanja ulinyamaza. Koplo alianza kutabasamu.

Kisha sauti ya mwanamke ikapanda kutoka katikati: "Amemroga! Yuko naye ndani, amemfunga ulimi! Mmemsikia anavyoongea? Huyo siyo Ndugu Eliseo!"

"Amina!" wakajibu, na mlango ukapigwa mara ya tatu, bawaba ya juu ikaruka.

Koplo hakuwa na mzaha tena. "Tumekwisha."

"Watamfuata bibi popote alipo," Odilia alisema. "Akiwa humu, na Eliseo atakufa, na ninyi. Nitampeleka kwa gari mpaka barabara ilipokatika, tuwangoje askari huko. Fungua."

"Umerukwa na akili?"

"Fungua mwenyewe kabla hawajafungua wao. Nan, nishike hapa. Mkono huu."

Bibi alimshika. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu. "Mumeo atasema nini?" alinong'ona.

"Atasema nimechelewa kupika. Twende."

Mlango ulifunguka, na wale waliokuwa wakisukuma wakajikwaa mbele, wakasimama. Walimwona Dada Odilia, mwalimu wa watoto wao, amekumbatiana na mchawi. Aliwajua wote. Hilo ndilo lilikuwa baya: hapakuwa na uso mmoja wa mgeni. Benjamín, baba wa mapacha wanaopigana kila Jumapili, alikuwa mbele na dumu, kifuniko kimeshatoka.

"Sogea pembeni, dada," alisema. "Hatuna neno na wewe."

"Huwezi kummwagia yeye bila kunimwagia mimi, Benjamín. Tupishe, ni mzee, anaumwa magoti."

"Dada, usishikane naye. Atakuchafua."

"Sawa."

Akatembea. Hakutembea haraka kwa sababu Nan Tecla hakuweza. Mvua ilikuwa nyembamba na harufu ya petroli ilikuwa nzito, na kila hatua alisubiri baridi ya kimiminika mgongoni. Benjamín hakusogea, ikabidi wampitie karibu kiasi kwamba dumu lilimgusa bibi kiunoni. Waliofuata walipisha, nusu hatua, si zaidi. Mtu mmoja alitema mate. Mwanamke wa kwaya, aliyewahi kumshonea binti wa Odilia gauni, alimgeuzia mgongo.

"Jumapili usije," alisema bila kumtazama.

Pikapu ilikuwa mbele ya kanisa. Odilia alimpandisha bibi, akamfunga mkanda, akazunguka upande wa pili, akashindwa kuingiza ufunguo mara ya kwanza na ya pili. Hakuna aliyewarushia kitu. Hakuna aliyeomba radhi. Nyuma yao mtu alianzisha wimbo, ule wa kushukuru kwa kuokolewa, na wengine wakaupokea mmoja mmoja mpaka uwanja wote ukawa unaimba. Odilia alizijua beti zake zote. Aliwasha gari, akapandisha kioo.